Kwa nini kamera ya kutazama mvua nyumbani hukatika pale mvua inapoanza?

Ni saa tatu usiku, mwezi Aprili. Chukulia kijana anayefanya kazi Dodoma, wazazi wake wakiwa Kigogo, Dar es Salaam, karibu na bonde la Mto Msimbazi. Amenunua kamera ndogo ya Wi-Fi, akaifunga chini ya paa la nyumba ya wazazi, ikatazama mto na kipande cha anga. Lengo lake ni moja tu: mvua ikizidi, aione kwenye simu, awapigie watoke mapema.

Mvua inaanza. Anafungua simu. Kioo kinaandika: "Kamera haipo mtandaoni."

Anapiga simu nyumbani. "Shikamoo mama. Hebu chomoa ile ruta, hesabu mpaka kumi, halafu uichomeke tena."

"Marahaba mwanangu. Leo nimeshaichomoa mara tatu. Inarudi, haikai."

Wengi hukwama hapo hapo. Kuchomoa na kuchomeka kunairudisha kamera kwa dakika kadhaa, lakini hakusemi kwa nini ilikata. Na kwa mtu wa bondeni hili si jambo dogo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu jijini humo na kuacha familia nyingi bila makazi, na mpaka leo mvua kubwa ikinyesha, barabara ya Morogoro pale Jangwani hufungwa mara kwa mara.

Habari njema ni kwamba kamera za aina hii hukatika kwa sababu chache zinazojirudia. Kila sababu ina saa yake na dalili zake.

Mvua yenyewe haikati Wi-Fi

Watu wengi wakiona kamera inazingua wakati wa mvua husema mawimbi yamezuiwa na maji yanayoanguka. Si kweli kwa umbali wa nyumbani.

Mawimbi ya Wi-Fi ya GHz 2.4, ambayo kamera nyingi za bei nafuu hutumia, hupita kwenye mvua bila kupungua kwa kiasi cha kuonekana. Kutoka ruta ya sebuleni mpaka kamera ya barazani ni mita 10 au 20. Mvua ya kati ya hapo ni kidogo mno.

Tatizo ni vitu vinavyokuja pamoja na mvua. Umeme hucheza au kukatika. Maji huingia kwenye maungio ya waya. Majani ya mwembe yaliyolowa yakiwa katikati ya ruta na kamera hupunguza nguvu ya mawimbi. Na watu wote mtaani wako ndani, kila mmoja na simu mkononi, mtandao unaelemewa.

Wanaotumia intaneti ya setilaiti wao wana hoja. Dishi hutumia masafa ya juu zaidi, na mvua nzito au wingu zito linaweza kweli kudhoofisha mawimbi hayo. Lakini hapo kinachokata ni intaneti ya nyumba nzima, si kamera peke yake.

Njia ina vipande vitatu

Picha ya kamera hupita njia yenye vipande vitatu kabla ya kufika kwenye simu. Cha kwanza ni kutoka kamera hadi ruta. Cha pili ni kutoka ruta hadi kwa kampuni ya mtandao. Cha tatu ni kutoka hapo hadi seva ya kamera, halafu kwenye simu ya mtazamaji.

Fundi mzuri hagusi kitu kabla ya kujua ni kipande gani kimekatika. Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji kifaa chochote zaidi ya simu.

Kamera ikipotea, aliyeko nyumbani aangalie kama simu yake iliyo kwenye Wi-Fi hiyo hiyo inafungua tovuti yoyote, data ya laini ikiwa imezimwa. Kama haifungui, kamera haina kosa. Mtandao wa nyumba umekata, au bando limekwisha.

Kama tovuti inafunguka, hatua inayofuata ni kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta na kutazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kamera isipokuwepo kwenye orodha, kipande cha kwanza ndicho kibovu: umeme wa kamera, mawimbi, au maji.

Kamera ikiwepo kwenye orodha lakini mtu wa mbali haioni, tatizo liko kwenye kipande cha tatu: mipangilio, saa ya kamera, au seva ya huduma.

Kuandika saa kunaokoa siku nzima

Kabla ya kununua kifaa kipya, inafaa kuchukua daftari na kuandika saa ambazo kamera imepotea na kurudi, kwa siku tatu hadi saba. Programu nyingi za kamera huweka pia kumbukumbu hizo zenyewe.

Saa hizo husema mengi:

• Inapotea kati ya saa sita na saa tisa mchana: joto. Kamera iliyobanwa chini ya bati hupata joto kuliko hewa ya nje, na nyingi zimetengenezwa kuvumilia mpaka nyuzi 50 hivi.

• Inapotea giza linapoingia, kila siku: umeme unaofika kwenye kamera hautoshi.

• Inasuasua saa mbili hadi saa nne usiku: msongamano wa mtandao au wa Wi-Fi za majirani.

• Inapotea kwa vipindi vinavyolingana, mfano kila baada ya saa 24: suala la anwani ambayo ruta huipa kamera.

• Inapotea umeme ukikatika na hairudi ukirudi: mpangilio wa kuwaka, au saa ya kamera.

• Inapotea mvua ikinyesha na kurudi jua likitoka: maji kwenye maungio.

Umeme: mtuhumiwa wa kwanza

Ile dalili ya giza ndiyo inayowachanganya wengi. Kamera inafanya kazi vizuri mchana kutwa, lakini ikifika saa moja jioni inaanza kuzima na kuwaka.

Sababu ni hii. Usiku kamera huwasha taa zake za kuonea gizani, zile ambazo macho ya binadamu hayaoni mwanga wake. Taa hizo hula umeme zaidi. Kama waya ni mrefu na mwembamba, kadiri umeme mwingi unavyovutwa, ndivyo volti zinavyopungua njiani. Adapta inatoa volti 5, lakini kwenye kamera zinafika pungufu. Kamera inazimika, taa zinazimika nayo, volti zinapanda, kamera inawaka tena, taa zinawaka, mchezo unaanza upya.

Kipimo chake ni kuishusha kamera, kuichomeka kwa waya mfupi uliokuja nayo kwenye boksi, karibu na adapta yake halisi, na kuiacha usiku mmoja. Ikikaa mpaka asubuhi bila kukata, waya mrefu ndiyo mwenye kosa.

Suluhisho ni kusogeza soketi karibu na kamera, au kutumia waya mnene zaidi. Kuongeza waya mwingine mwembamba mbele ya ule wa kwanza kunazidisha tatizo. Na chaja ya simu ya mtaani si mbadala wa adapta ya kamera mpaka maandishi yake yalingane: volti zile zile, na ampea zisizopungua zinazohitajika.

Umeme ukirudi, kamera isirudi

Umeme ukikatika na kurudi, kamera na ruta huwaka kwa wakati mmoja. Kamera mara nyingi inakuwa tayari kwanza. Inatafuta Wi-Fi, haipati, kwa sababu ruta bado haijamaliza kuwaka. Kamera nzuri huendelea kujaribu. Nyingine hujaribu mara kadhaa, halafu hukata tamaa.

Kuna jambo jingine ambalo wachache hulitazama: saa. Kamera nyingi ndogo hazina betri ya kutunza saa. Zikizimika husahau tarehe, na baadhi hurudi mwaka 1970, ambao ndio mwanzo wa kuhesabu muda kwenye mifumo mingi ya kompyuta. Kamera inayodhani iko 1970 inaweza kukataliwa na seva, kwa kuwa vyeti vya usalama vya mtandaoni vina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Picha yenye tarehe ya ajabu pembeni ni dalili. Dawa yake ni kuwasha, kwenye mipangilio, kipengele cha kupata saa kutoka intaneti.

Kwa mambo yote mawili, kifaa kinachosaidia zaidi ni UPS ndogo ya ruta, ile yenye betri ndani inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya mtandao. Ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12, ila zipo za volti 9 au 5, kwa hiyo ni lazima kusoma maandishi chini ya ruta kabla ya kununua. Kamera nayo ipewe betri. Ruta ikiwa hai huku kamera imezima, hakuna kilichookolewa.

Kuta, nondo na tanki la maji

Simu ikiwa karibu na kamera na ikaonyesha vijiti vyote vya Wi-Fi, haina maana kamera nayo inapata hivyo. Antena ya kamera ni ndogo, na ipo mahali simu haifiki, juu ya ukuta, nyuma ya bati.

Zipo programu za bure za simu zinazopima nguvu ya mawimbi kwa dBm. Namba hizo huandikwa na alama ya kutoa, na kadiri zinavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Kwenye -50 hali ni nzuri sana. Kwenye -67 video bado inapita. Ikifika -75 kamera itakuwa inapotea na kurudi, na kwenye -80 hakuna cha kutegemea.

Vinavyoziba zaidi nyumba za kwetu vinajulikana: bati, zege lenye nondo, wavu wa dirisha wa chuma, na tanki la maji lililojaa. Kusogeza ruta mita mbili, kutoka nyuma ya kabati hadi juu ya dirisha linalotazama kamera, mara nyingi kunasaidia kuliko kununua kifaa kipya.

Suala jingine ni masafa. Kamera nyingi za bei nafuu hushika GHz 2.4 tu. Ruta za kisasa hutoa GHz 2.4 na GHz 5 kwa jina moja, na kamera nyingine huchanganyikiwa hapo. Kuyatenganisha majina, kisha kuipa kamera lile la 2.4, humaliza usumbufu huo.

Kama mtaa umejaa Wi-Fi, ruta iwekwe kwenye chaneli 1, 6 au 11. Hizo tatu ndizo zisizoingiliana kwenye GHz 2.4. Programu ile ile ya kupima mawimbi huonyesha ipi ina watu wachache.

Na kwa anayeweza, waya wa mtandao unashinda Wi-Fi. Kebo moja inaweza kwenda mpaka mita 100, na kwa kamera na vifaa vinavyokubali, kebo hiyo hiyo hubeba umeme pia. Tatizo la volti na la mawimbi yanaondoka kwa mpigo.

Maji hufuata waya

Kamera yenyewe inaweza kuwa imeandikwa kwamba haiingii maji. Lakini ule mkia wake, pale waya unapoungana na waya mwingine, hauna kinga hiyo kama umeachwa unaning'inia nje.

Tone la maji huteremka kwenye waya mpaka kwenye maungio, linaingia, na kutu ya kijani inaanza kula shaba. Mvua ikinyesha mawasiliano yanakatika, jua likitoka yanarudi. Pwani mambo huwa mabaya zaidi. Chumvi ya bahari iliyo hewani, Tanga, Mombasa au Unguja, huharakisha kutu hata bila mvua.

Mafundi wana njia mbili. Kwanza, maungio yote yawekwe ndani ya boksi lililozibwa, lenye tundu dogo upande wa chini. Pili, kabla waya haujaingia kwenye tundu la ukuta au boksi, uachwe ushuke kidogo chini ya tundu halafu upande. Tone likifika pale chini linadondoka, haliwezi kupanda. Haigharimu hata shilingi.

Kazi hii isifanyike mvua ikinyesha wala radi zikipiga, na adapta iwe imechomolewa kwanza.

Video inakula bando, picha inatosha

Wengine kamera haikati kabisa. Kinachokata ni bando.

Hesabu yake ni hii. Video ya kawaida yenye mwonekano mzuri hutumia kama megabiti 2 kwa sekunde. Hiyo ni takribani MB 900 kwa saa, au zaidi ya GB 21 kwa siku moja. Hakuna bando la kawaida la familia linalostahimili hilo. Mbaya zaidi, mtandao wa simu mara nyingi huwa mzito kupandisha data kuliko kushusha, na kamera kazi yake ni kupandisha.

Lakini mawingu na mto havihitaji video. Picha moja ya KB 300 kila baada ya dakika 5 ni picha 288 kwa siku, sawa na MB 86 hivi. Kwa mwezi ni kama GB 2.6. Tofauti ni kubwa mno, na bado mtazamaji anaona maji yanavyopanda.

Wazo hili si geni. Kamera inayoitwa FogCam, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la San Francisco nchini Marekani, ilianza mwaka 1994 kuweka mtandaoni picha moja moja zinazoonyesha ukungu wa mji huo. Picha moja moja zilitosha.

Anayetumia laini ya simu kwenye ruta ajue pia kwamba kampuni nyingi za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti. Kamera iliyopangwa "kufuatwa" kutoka nje haitafikiwa. Inabidi kamera ndiyo itume picha, au itumie huduma ya kampuni iliyoitengeneza.

Anwani na nenosiri

Kila kifaa kwenye Wi-Fi hupewa anwani na ruta kwa mkopo wa muda. Muda ukiisha na kamera ikashindwa kuuhuisha, au ikapewa anwani nyingine, anayeitafuta kwa anwani ya zamani haipati. Mipangilio ya ruta ina sehemu ya kuihifadhia kamera anwani moja ya kudumu. Ni kazi ya dakika tano.

Nenosiri la kiwandani libadilishwe siku ile ile kamera inapofungwa. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliingia kwenye kamera na ruta nyingi duniani kwa kutumia manenosiri ambayo wenyewe hawakuyabadilisha, kisha kikazitumia kushambulia mitandao. Kamera iliyotekwa namna hiyo inaweza kujaza laini ya mtandao mpaka yenyewe ionekane imekatika. Programu ya ndani ya kamera nayo isasishwe, na ikiwezekana ipangiwe kujiwasha upya mara moja kwa wiki.

Na jicho lake lielekee angani na mtoni, si kwenye dirisha la jirani.

Kurudi Kigogo

Sasa tuseme yule kijana anawaomba wazazi waandike saa kwenye daftari. Baada ya siku tano, mama anamsomea: jumatatu saa moja jioni, jumanne saa moja na robo, jumatano saa moja. Mvua ilinyesha siku mbili tu kati ya hizo tano.

Jibu liko hapo. Kamera haikuwa ikikatwa na mvua. Ilikuwa ikikatwa na giza: taa za usiku na waya mrefu mwembamba kutoka chumbani. Mvua za usiku ndizo zilizofanya ionekane hivyo. Fundi anasogeza soketi, anaziba maungio, ruta inapata betri, na kamera inapangwa kutuma picha badala ya video.

Linabaki jambo moja ambalo hakuna fundi anayeweza kulirekebisha. Kamera inaonyesha maji yaliyokwisha kufika. Tahadhari ya mapema hutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ambayo hutangaza siku kadhaa kabla, kama ilivyofanya Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kikisogea pwani.

Kwa hiyo programu ya simu iwekewe kengele ya kulia kamera ikipotea, kama ina kipengele hicho. Na familia ikubaliane mapema: TMA ikiwa imetoa tahadhari na kamera ikazima, hakuna kusubiri irudi. Anayeona kimya apige simu. Simu isipopatikana, apigiwe jirani wa juu kwenye mwinuko.

Kioo cheusi usiku wa masika kisichukuliwe kama "mtandao tu unasumbua". Kwa mtu wa bondeni, hiyo nayo ni taarifa.